Mama alifariki ghafla, dada ana baridi yabisi: je, na mimi moyo wangu umerithi?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Ujiji, Kigoma. Mama yetu alifariki ghafla akiwa na miaka 52. Wiki mbili kabla alikuwa akilalamika kiungulia, mgongo kuuma na kuchoka, na alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo. Dada yangu mkubwa ana miaka 45, anaumwa baridi yabisi mwaka wa sita sasa. Juzi amepimwa Dar akaambiwa mishipa ya moyo imeanza kuziba. Si mnene, hajawahi kuvuta sigara, sukari hana. Mawifi zangu wanasema ni ugonjwa wa ukoo wetu na hauna dawa, wengine wanasema tumefanyiwa. Mimi mwenyewe mimba ya pili nilipata kifafa cha mimba, ila baada ya kujifungua presha ilishuka nikaruhusiwa. Je, hili jambo liko kwenye damu? Kinga ya mwili inahusikaje na moyo? Na binti yangu wa miaka 14, nimpime?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole kwa mama, Mungu amrehemu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudia jicho linatua palepale: habari ya kifafa cha mimba umeiweka karibu na mwisho, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha. Mimi ningeiweka mwanzo. Nitaifikia, lakini tuanze na mama.

Pale juu ya tumbo, chini kidogo ya mfupa wa kifua, Waswahili tunapaita chembe ya moyo. Jina lenyewe linatuonya. Hata hivyo mwanamke akija analalamika panamuunguza hapo, wengi wetu tunakimbilia vidonda vya tumbo. Maumivu ya kifua ndiyo dalili inayoongoza ya shambulio la moyo kwa wanawake kama ilivyo kwa wanaume, lakini wanawake mara nyingi zaidi huja na mengine yanayolifunika: kuishiwa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya au katikati ya mabega, na uchovu ambao mtu hawezi kuueleza. Nilipokuwa daktari kijana mkoani kwenu nilimpokea mama mmoja, mchuuzi wa dagaa. Alisema chembe ya moyo inamuunguza na siku hizi ndoo moja ya maji inamshinda. Nilimwandikia dawa ya kupunguza asidi, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi, na nilipouliza niliambiwa ameshazikwa. Tangu hapo mwanamke mtu mzima akinitajia chembe ya moyo pamoja na uchovu, namlaza apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwanza, tumbo litafuata. Ni kazi ya dakika kumi. Kwa hiyo kifo cha mama yako, kwa dalili ulizozitaja na umri ule, mimi nakihesabu kuwa cha moyo, na nakushauri kila daktari umwambie hivyo: mama yangu alikufa ghafla akiwa na miaka 52. Mzazi, kaka au dada wa tumbo moja anapougua mishipa ya moyo mapema, yaani mwanamke kabla ya miaka 65 na mwanamume kabla ya 55, hatari ya waliobaki inapanda. Ninyi mna wawili, mama na dada yako.

Sasa swali lako la kinga. Watu wengi wanauona mshipa wa moyo kama bomba, na lehemu, yaani kolesteroli, kama uchafu unaoganda ndani yake. Picha hiyo inapotosha. Ukuta wa mshipa una uhai. Chembe za lehemu mbaya, ile ambayo maabara huiandika LDL, zinapenya ndani ya ukuta huo, zinakaa, zinaharibika. Mwili unaziona kama mgeni asiyetakiwa na kutuma askari wake, seli nyeupe za damu. Askari wanazimeza, wanavimbiwa mafuta, wanafia mlemle ukutani, na kila anayekufa anaita wenzake. Madaktari tunaita hali hiyo mchochota: ni kama makaa yaliyofunikwa jivu, huyaoni lakini yanaunguza. Miaka inapita, uvimbe wenye mafuta unakua ukutani, juu yake kuna ngozi nyembamba. Siku ngozi hiyo ikichanika, damu inaganda hapo kwa dakika chache na mshipa unafunga. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa sokoni asubuhi, jioni anaswaliwa.

Kwamba kinga ni mshiriki kamili na si mtazamaji, ushahidi wake mkubwa ulikuja mwaka 2017. Watafiti waliwachukua watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, ambao damu yao ilionyesha mchochota. Baadhi walichomwa sindano ya kanakinumabu, dawa inayozima ujumbe mmoja tu wa kinga. Lehemu haikubadilika. Lakini kwa dozi iliyofanya kazi vizuri, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Tatizo ni kwamba waliotumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi. Kinga ileile inayounguza mshipa ndiyo inayotulinda, huwezi kuifungia mlango ukalala salama. Tangu hapo imejaribiwa kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, na matokeo yamekuwa mchanganyiko, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie kama kinga ya moyo.

Kuhusu wanawake hasa, mwaka 2024 yalitoka matokeo ya kufuatilia wanawake 27,939 wa Marekani kwa miaka 30. Walipimwa mara moja mwanzoni: LDL, kipimo cha mchochota kiitwacho CRP, na lipoprotini ndogo a, chembe ya mafuta ya kurithi nitakayoieleza mbele. Wale ambao CRP yao ilikuwa katika fungu la tano la juu kabisa walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 70 kuliko fungu la chini. Kwa LDL ilikuwa asilimia 36, kwa lipoprotini ndogo a asilimia 33. Yaani kipimo kimoja cha umri wa makamo kilisema jambo kuhusu uzee. Walikuwa wanawake wa sekta ya afya, wengi wazungu, kwa hiyo tarakimu hizo si za kuhamishia Ujiji kama zilivyo. Tena CRP kwetu ina mtego wake: malaria, jipu, hata jino bovu vinaipandisha. Ukipimwa ukiwa na homa, majibu hayo hayasemi chochote kuhusu moyo. Subiri wiki mbili au zaidi baada ya kupona ndipo upime, na kama huwezi kukipata kipimo hicho usihangaike, kuna vya muhimu zaidi.

Na kwa nini kinga inawasumbua wanawake zaidi? Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana moja. Jeni nyingi za kinga zimekaa kwenye X. Katika kila seli ya mwanamke X moja hunyamazishwa, ila baadhi ya jeni zake hukwepa na kuendelea kufanya kazi. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba hata vifaa vyenyewe vinavyoinyamazisha X hiyo vinaweza kuichokoza kinga. Faida ni kwamba wanawake kwa kawaida wanapambana na maambukizi vizuri zaidi. Gharama yake ni kinga inayogeuka kumshambulia mwenyewe: wagonjwa wa lupasi tisa kati ya kumi ni wanawake, na baridi yabisi inawapata mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Hapo ndipo dada yako anapoingia. Baridi yabisi si ugonjwa wa viungo peke yake. Moto uleule wa vidoleni unazunguka na damu, na mgonjwa wake ana hatari ya moyo takriban mara moja na nusu ya mtu asiyekuwa nayo. Kwa lupasi ni kubwa zaidi: utafiti wa Pittsburgh wa mwaka 1997 uliwakuta wanawake wa miaka 35 hadi 44 wenye lupasi wakipata mashambulio ya moyo zaidi ya mara 50 ya wenzao wa rika hilo. Kwa hiyo dada yako kuwa mwembamba na kutovuta sigara ni jambo jema, lakini halimkingi na moto unaotoka ndani. Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wahudumu: baridi yabisi ikiwaka sana, lehemu hushuka. Mgonjwa anaambiwa mafuta yako mazuri, anarudi nyumbani amefurahi, kumbe mafuta ni mazuri kwa sababu ugonjwa ni mbaya. Apimwe tena ugonjwa ukitulia.

Mwulize pia anatumia nini kwa maumivu. Wengi wananunua diklofenaki dukani na kuimeza miezi na miezi. Dawa hiyo inaongeza hatari ya shambulio la moyo, na kwa mtu ambaye mishipa imeshaanza kuziba mimi siitaki kabisa. Prednisoloni ya muda mrefu inapandisha presha na sukari. Kinachomfaa ni dawa zinazoutuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, kwa usimamizi. Lakini asiache dawa yoyote ghafla kwa kusoma maneno haya. Prednisoloni hasa, kuikata siku moja ni hatari. Ampelekee daktari wake swali hili.

Sasa damu. Ndiyo, urithi upo, ila mawifi zako wanauona kama hukumu, nami nauona kama taarifa. Kuna urithi wa jeni moja yenye nguvu: mtu anazaliwa na ini lisiloweza kuondoa LDL vizuri, kiasi cha mtu mmoja katika kila 250 au 300 duniani. Mwenye nayo, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuipata. LDL yake ni kubwa tangu utotoni, mara nyingi 4.9 au zaidi kwa vipimo vyetu vya milimoli, na wengine wanatoa vinundu vigumu vya mafuta kwenye kano nene ya nyuma ya kisigino. Mtazame dada yako visigino. Jipapase na vyako. Hali hii ina dawa, statini, zinazofahamika na zisizo ghali kama zamani, kwa hiyo anayesema haina dawa amekosea.

Halafu kuna hiyo lipoprotini ndogo a. Aliigundua Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Inafanana na LDL iliyovikwa mkia, na mkia huo unabeba mafuta yaliyoharibika ambayo yanaichokoza kinga. Kwa hiyo hapa urithi na kinga vinakutana katika chembe moja. Kiwango chake kinaamuliwa karibu chote na jeni. Chakula hakikigusi, mazoezi hayakigusi. Na sisi Waafrika kwa wastani tunacho kikubwa kuliko Wazungu. Inatosha kukipima mara moja maishani, ingawa kwa mwanamke hupanda kidogo baada ya kukoma hedhi. Kikizidi nanomoli 125 kwa lita, ambazo maabara huandika nmol/L, hatari ni ya kweli, na wajibu wako unakuwa kuvishusha kwa bidii vile vinavyoshuka: presha, LDL, sukari. Kipimo hiki hukikuti kila maabara. Dada yako akirudi Dar kliniki aulize. Chake kikiwa juu, nawe una sababu ya kukitafuta.

Zipo pia jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo. Ya kwanza kujulikana sana, kwenye kromosomu ya 9, ilitangazwa mwaka 2007. Moja inayonishangaza mpaka leo iko karibu na jeni iitwayo PHACTR1: aina yake moja inapunguza hatari ya mshipa kuziba kwa mafuta, papo hapo inaongeza hatari ya ukuta wa mshipa kuchanika wenyewe. Kuchanika huko, karibu wagonjwa tisa katika kumi ni wanawake, wengi vijana, baadhi wamejifungua majuzi tu. Mzazi wa wiki mbili akishikwa na kifua, tafadhali msimpe chai ya tangawizi mkasubiri asubuhi. Ama vipimo vya kujumlisha jeni zote hizo na kukupa alama moja, vingi vimetengenezwa kwa damu ya watu wa Ulaya na kwetu vinakosea. Hela yako itunze.

Na kwa wale wanaosema ukoo wenu umefanyiwa, waeleze hili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa Wamarekani weusi wapatao 2.6 katika kila 100 waliowachunguza walizaliwa na jeni ya PCSK9, ile inayolipunguzia ini uwezo wa kuondoa LDL, ikiwa imezimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwao kwa asilimia 88. Kutokana na ujuzi huo zikatengenezwa sindano zinazotumika duniani tangu mwaka 2015. Damu yenye asili ya Afrika imebeba ugonjwa na imebeba kinga pia.

Sasa kifafa cha mimba, dada yangu. Mimba inaupima moyo na mishipa kuliko mlima wowote. Ili kondo la nyuma likae vizuri, kinga ya mama inapaswa kumkubali mgeni ambaye nusu ya jeni zake ni za baba, na mishipa ya mfuko wa uzazi inapaswa kupanuliwa upya. Mapatano hayo yakienda vibaya, kondo linakosa damu ya kutosha na kumwaga vitu vinavyoumiza ngozi ya ndani ya mishipa ya mama mwili mzima. Presha inapanda, protini inatoka kwenye mkojo. Ukijifungua, presha inashuka na wewe unaruhusiwa, kama ulivyoruhusiwa. Lakini mwanamke aliyepitia hayo ana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi takriban mara mbili ya asiyepitia, na presha ya kudumu humpata mapema. Kama ulijifungua kabla ya wakati, ndiyo zaidi. Inaniuma kwamba hukuambiwa siku ile unatoka wodini, maana hukuhitaji mashine yoyote kujua hili. Kisukari cha mimba nacho kihesabiwe hivyohivyo, na hedhi kukoma kabla ya miaka 40 pia. Homoni ya estrojeni inailinda mishipa. Ikiondoka mapema, ulinzi unaondoka nayo. Kama mama yenu hedhi yake ilikoma mapema, mliweke hilo kwenye historia.

Kwa hiyo nenda hospitali ya Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, huku hujisikii vibaya. Chukua kadi ya kliniki ya ile mimba ya pili kama bado unayo. Sema hivi: mama alikufa ghafla miaka 52, dada wa tumbo moja ana mishipa iliyoanza kuziba akiwa na miaka 45, mimi nilipata kifafa cha mimba. Omba presha, sukari, lehemu inayoonyesha LDL kivyake, protini kwenye mkojo, na ECG. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudia, itibiwe, usiambiwe ni uchovu. Presha ipimwe kila mwaka hata ikiwa nzuri. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze muuguzi historia hii, kwa sababu vile vyenye estrojeni havimfai mwenye presha. Zipo njia nyingine. LDL ikiwa juu, unaweza kuandikiwa statini hata kabla ya miaka 40, ila useme mapema kama unakusudia kushika mimba, kwa kawaida husimamishwa.

Chakula sitakuchosha nacho. Migebuka na dagaa wa ziwa lenu ni neema, endelea nao. Mawese ndiyo pagumu kwa mtu wa Kigoma: karibu nusu ya mafuta yake ni yale magumu yanayopandisha LDL. Sikwambii uyafute, ni chakula cha bibi zako. Nakwambia yawe ya mboga moja, si ya kila chungu, na yaliyokwisha kukaangia mara ya tatu yamwagwe. Kinachonitia hofu zaidi kwa wanawake wa mwambao huo ni moshi. Anayebanika samaki au kupikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha anavuta chembe ndogo zinazoingia mpaka kwenye damu na kuichokoza ile kinga tuliyoizungumza. Kama jiko linaweza kuhamia barazani, lihamishe wiki hii.

Na ikitokea siku wewe au dada yako mmeshikwa na kifua, taya, au chembe ya moyo pamoja na jasho na pumzi kukata, kwa zaidi ya dakika 15, hiyo ni safari ya hospitali yenye ECG saa ileile. Kama mtu hana mzio wa aspirini wala hatoki damu, atafune miligramu 300 njiani. Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haiwezi kukusaidia saa ya kwanza. Saa ya kwanza ni ya Kigoma, ambako dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ikipatikana, hufaa zaidi mapema na thamani yake huisha kadiri saa 12 tangu maumivu yaanze zinavyokaribia kutimia.

Mwisho umeuliza kuhusu binti. Usimpime jeni. Pima wewe kwanza: LDL yako ikiwa 4.9 au zaidi, au ya dada yako ilikuwa hivyo kabla ya dawa, basi na yeye apimwe lehemu sasa hivi, pamoja na ndugu zake wawili. Ikiwa yenu ni ya kawaida, mwache asome. Ila kuna kitu kimoja anachopaswa kukijua kabla hajaolewa: mabinti wa waliopata kifafa cha mimba nao wanakipata zaidi. Siku atakapoanza kliniki ya wajawazito amwambie muuguzi siku ya kwanza, kwa sababu aspirini ya dozi ndogo, ikianzwa karibu wiki ya 12 kwa maelekezo ya daktari, hupunguza uwezekano huo. Na wewe ukishika mimba tena, maneno hayohayo ni yako.